Kifua Kimefunguliwa Mara Mbili, na Bado Nadunda!

UKIPISHANA nami Kariakoo hutajua kitu. Nimesuka, nimevaa, nina haraka zangu kama mtu yeyote anayewahi daladala. Lakini chini ya blauzi kuna kovu refu kama zipu, limeanzia chini kidogo ya koo likaishia kwenye chembe cha moyo. Kovu ni moja, ila limekatwa mara mbili. Daktari wa pili alipita palepale alipopita wa kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa 2010, Chennai, India, nikiwa binti wa miaka 18. Mara ya pili ilikuwa 2022, hapahapa Dar, nikiwa na miaka 30, mume na mtoto mmoja. Na siyo siri, kilichonitesa zaidi kabla ya hiyo ya pili ni midomo ya watu. Kisu kilikuwa na nafuu.

Mtaani kwetu tuna madaktari wengi sana. Wapo wa kijiweni, wapo wa saluni, wapo wanaojitokeza kwenye misiba tu. Na wote walikuwa na sentensi moja: eti moyo haufunguliwi mara mbili. Ya kwanza unapona, ya pili unaagwa. Shoga yangu mmoja pale saluni alisimamisha kitana hewani akaniambia, "Shosti, ningekuwa mimi ningekula raha zangu nikaisubiri siku." Raha zipi, na mtu hawezi hata kupanda ngazi za ghorofa ya kwanza bila kushika ukuta?

Hebu nianzie nyuma kidogo ili twende sawa.

Utotoni nilikuwa mtu wa tonsesi. Koo linavimba, homa inapanda, napewa vidonge vya maumivu, maisha yanaendelea. Kumbe wapo vijidudu vya kooni ambavyo mwili ukipigana navyo unaweza kukosa shabaha, ukaanza kushambulia na milango ya moyo wenyewe. Milango hiyo ndiyo valvu. Kazi yake ni kuruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ikishapata makovu, haifunguki vizuri wala haifungi vizuri. Nchi zenye pesa siku hizi wanausikia ugonjwa huu kwa mbali. Sisi huku bado unachukua watoto wa shule. Kwangu uliharibu valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto, mahali ambapo damu yenye hewa safi inatoka mapafuni kwenda kusukumwa mwili mzima.

Muhimbili walikuwa wameanza upasuaji wa kufungua moyo miaka miwili tu nyuma, 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikuwa haijazaliwa, ilikuja 2015. Wengi wetu tulikuwa bado tunapakiwa ndege kwenda India. Basi na mimi nikapakiwa, pamoja na mama na begi la dagaa ambalo lilitutia soo uwanja wa ndege.

Chennai wakaniwekea valvu ya ng'ombe. Usicheke, ndivyo ilivyo. Valvu za bandia ziko za aina mbili. Ya kwanza tuiite ya chuma, ingawa siku hizi sehemu kubwa ni kaboni ngumu. Hii haichakai, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo utameza dawa ya wafarini kila siku ya Mungu hadi unaingia kaburini. Ya pili inatengenezwa kwa nyama ya mnyama, aidha valvu ya nguruwe yenyewe au ule utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Bibi yangu, mtu wa Kilwa, aliposikia neno nguruwe alipiga simu India mara tatu kuhakikisha.

Ya mnyama haikufungi kwenye wafarini maisha yako yote. Ubaya wake inachoka, na kwa kijana inachoka haraka kuliko kwa mzee. Sasa mimi nilikuwa na miaka 18, na wafarini hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, inaweza kumlemaza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Daktari wa kule akamwambia mama: tumwekee hii, azae kwanza, lakini mjue atarudi. Mama akaliandika neno hilo kwenye daftari lake la hesabu za vitenge. Kwa hiyo operesheni ya pili tuliahidiwa tangu siku ile. Binti yangu akazaliwa 2016, mzima, mkorofi kama baba yake.

Mwaka 2021 ahadi ikaanza kubisha hodi. Kwanza ngazi. Halafu kikohozi cha usiku ambacho si cha kifua. Halafu mto mmoja ukawa haunitoshi, ikawa miwili, ikawa mitatu, nalala kama niliyekaa. Miguu ikijaa jioni, viatu haviingii. Kliniki wakanipima eko, ile picha ya moyo, daktari akageuza kioo nione mwenyewe: valvu ya ng'ombe imekakamaa kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa juani, na damu inarudi nyuma.

"Dada, hii imechoka," akasema. "Tupange."

Hakusema twende sasa hivi, hakusema turudi nyumbani tukaombe. Alisema tupange. Nilitoka pale nalia, lakini neno hilo nilikuja kulielewa baadaye.

Nyumbani ikawa kasheshe. Kikao cha ukoo, baba mdogo katoka Tanga, shangazi kaja na wanawe wawili. Mtaalamu mmoja wa mitishamba akaletwa, akanitazama kucha, akasema anaweza kuilainisha valvu kwa laki nne, nusu kwanza. Nikamuuliza ataifikiaje. Akasema kwa mvuke. Baba mdogo ambaye alishaanza kutoa pochi akairudisha mfukoni taratibu.

Niliporudi kliniki nilikuwa na swali moja tu. Nikamuuliza, "Dokta, mara ya pili mtu anapona?" Namsifu yule bwana, hakunizuga. Alivuta karatasi akaanza kuchora.

Umewahi kubandua picha iliyong'ang'ania kwenye albamu ya zamani? Ukivuta kwa pupa unabaki na nusu ya uso wa mtu. Ndivyo moyo ulivyo baada ya operesheni ya kwanza. Mara ya kwanza, moyo unaelea ndani ya utando wake na nyuma ya mfupa wa kidari kuna nafasi. Daktari anapasua mfupa kwa msumeno, anafungua utando, anafanya kazi, anafunga mfupa kwa nyaya. Nyaya hizo hazitolewi, ninazo mpaka leo. Lakini mwili unavyojiponya unatengeneza makovu ya ndani, na makovu ni gundi. Miaka 12 baadaye moyo, au mshipa mkubwa, unaweza kuwa umejibandika kabisa nyuma ya mfupa uleule ambao msumeno unatakiwa kupita.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Valvu kuitoa na kuweka nyingine ni kazi wanayoijua. Kasheshe ni kuingia ndani bila kuchana picha.

Mwaka 2008 madaktari wa Cleveland Clinic, Marekani, walitoa hesabu za operesheni za moyo za marudio 1,847, wakakuta kitu kiliharibika njiani, mshipa kukatwa na mambo kama hayo, kwa kama watu 7 katika kila 100. Wengi wa hao walitoka salama hata hivyo, kwa sababu timu ilikuwa imejiandaa. Na maandalizi ndiyo yaliyonituliza roho, maana nilidhani wanafungua tu na kumuachia Mungu. Thubutu! Kwanza unapigwa CT scan ya kifua, wanapima kwa milimita umbali kati ya mfupa na moyo, wanaona mishipa ya zamani imelala wapi. Ukionekana moyo umegusa mfupa, wanatayarisha mishipa mikubwa ya kwenye kinena ili mashine ya moyo na mapafu iunganishwe huko kabla hata kifua hakijaguswa. Likitokea la kutokea, damu inazunguka, ubongo unakula. Mgongoni na ubavuni unabandikwa vipande vya kushtua moyo, kwa kuwa mkono wa daktari hauwezi kuufikia moyo uliobanwa na gundi. Msumeno wenyewe ni tofauti, unatetemeka na kukwangua mfupa pole pole. Damu ya kuongezewa inakuwa imesimama mlangoni. Ndugu zangu sita walikwenda kuchangia, mmoja akazimia kabla ya sindano kumgusa, simtaji.

Halafu nikaomba namba. Mimi ni mtu wa kuuza duka, bila namba sielewi.

Akanitajia taarifa ya Marekani ya 2015 iliyoangalia wagonjwa zaidi ya 3,000 waliorudiwa valvu ya aota. Waliofariki walikuwa 4.6 katika kila 100. Kwa wanaofanyiwa mara ya kwanza ilikuwa 2.2. Maana yake hatari ni mara mbili, na ukiisikia hivyo tu unakimbia. Mimi nilikaa nayo kwenye daladala toka Upanga hadi nyumbani, nikaigeuza: katika kila 100 waliofunguliwa tena, zaidi ya 95 walitoka. Mbona huko saluni hawa 95 hawatajwi? Ila nawe usizibebe namba hizo kama zako. Ni za Marekani, ni za valvu nyingine, na mitrali ya kurudia kwa kawaida ni ngumu zaidi kidogo.

Ya kwangu aliitafuta kwenye kompyuta. Kuna kikokotoo kinaitwa EuroSCORE, Wazungu walikitoa 1999 wakakifanyia marekebisho 2012. Kinakuuliza umri, figo, mapafu, moyo unasukuma kwa nguvu gani, kifua kimewahi kufunguliwa au la, na kama ni dharura. Akajaza yangu, ikatoka kama 3 katika 100. Akasema, "Mashine inasema 3, mimi nakwambia weka 5, sipendi kukudanganya."

Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau. Bila kubadilisha umri wala jina, akabadilisha sehemu mbili tatu za ile fomu: dada huyuhuyu, ila kaja kwa dharura, usiku, mapafu yamejaa maji, presha inashikiliwa na dawa. Namba ikaruka mara nne, mara tano. Akaniachia niitazame.

Hapo nikalielewa neno "tupange". Ile hadithi ya mtaani ya kwamba wa mara ya pili wanaagwa haikutokea hewani. Wapo walioagwa. Lakini wengi katika wale wanaosimuliwa ni walioogopeshwa nyumbani miezi minane, mwaka mzima, wakanyweshwa mvuke, wakafikishwa hospitali kwa kubebwa, figo zimeshaanza kugoma. Wakifa, kisu ndicho kinasingiziwa. Vilevile valvu ikiingiwa na vijidudu hatari inapaa sana, na hapo kupanga kwenyewe kunakuwa hakuna nafasi.

Kaka yangu naye alikuwa na tiba yake. Kaka ni mtoto wa mabanda ya video ya Temeke, wale waliokuwa wakibana nauli ya shule wamuone Arnold Schwarzenegger kwenye "Komando" akibeba gogo zima begani kama anabeba mkate. Siku moja akaja mbio: "Sista, unajua Komando naye kafunguliwa kifua? Tena siyo mara moja!" Nikajua ananizuga. Nikatafuta, nikakuta kweli tupu.

Jamaa alizaliwa na valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu. Mwaka 1997, akiwa na miaka 49 na misuli yote ile, akafanyiwa upasuaji wa kifua. Mwaka 2018, miaka 70, valvu aliyowekewa 1997 kwenye njia ya kwenda mapafuni ikawa imechoka. Akaenda kubadilishiwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kidari, mambo mepesi. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba katikati ya kazi ukuta wa moyo ulitobolewa, damu ikavuja ndani, ikabidi afunguliwe palepale kwa dharura. Aliponea wapi? Timu ya upasuaji ilikuwa imeshawekwa tayari kabla hawajaanza, kwa ajili ya siku mbaya kama hiyo. Alipozinduka, msemaji wake akasema maneno ya kwanza ya mzee yalikuwa "Nimerudi". Miezi michache baadaye alikuwa kwenye Terminator ile iliyotoka 2019. Mwaka 2020 akabadilishiwa na valvu ya aota, na 2024 akawekewa kifaa cha kuongoza mapigo.

Najua, ana mapesa. Lakini gundi ya kifuani haijui akaunti ya benki ya mtu.

Nikamrudia daktari na ujanja mpya. Na mimi si mnipitishie mrija? Ndiyo mtindo wa kisasa, alianza nao Mfaransa Alain Cribier 2002, na hata Mick Jagger wa Rolling Stones aliwekewa valvu kwa njia hiyo 2019 akarudi jukwaani miezi miwili mitatu baadaye. Daktari akacheka. Akasema kweli ipo hiyo, valvu mpya inafungukia ndani ya ile ya zamani, na kwa mzee wa miaka 80 ambaye kifua chake hakifai kuguswa ni mkombozi. Kwangu aliiona haifai. Valvu ndani ya valvu inabana njia, na hiyo mpya nayo ni ya mnyama, itachoka kama mwenzake, na mimi ni mtu wa miaka 30 nataka kuishi hadi nimchambe mkwe wangu mtarajiwa.

Basi ikabaki kufunguliwa, na swali la mwisho: wakishaingia, waweke ipi?

Hili msomaji wangu ndilo lililotunyima usingizi. Wakiweka ya ng'ombe tena naweza kuzaa mtoto wa pili kwa amani kiasi. Lakini nikifika 40 au hapo karibu itakuwa imechoka, na kifua kitafunguliwa mara ya tatu, na kila ukifungua gundi inaongezeka. Wakiweka ya chuma huenda nisifunguliwe tena, ila wafarini itakuwa mwenzangu, na uzazi unakuwa mtihani. Siyo kwamba haiwezekani. Wapo waliozaa na valvu ya chuma, wakisimamiwa na daktari wa moyo na wa uzazi kwa pamoja, dawa zikibadilishwa badilishwa. Lakini hatari ni kwa mama na kwa mtoto, wote wawili.

Mume wangu ni fundi magari, Gerezani. Neno valvu kwake ni injini. Swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kama hizo za chuma ziko orijino na feki. Daktari akajibu kwa heshima kabisa kwamba hospitali hainunui mitaani.

Mama mkwe akapanda basi kutoka Morogoro. Nampenda yule mama, kwa hiyo nasema haya kwa adabu. Tulikaa jikoni, anachambua mchele, akaniambia bila kuniangalia, "Mwanangu, mtoto mmoja ni kidogo. Akipata homa, moyo wa mama wote unakuwa kitandani." Sikuwa na jibu. Nilisema, "Ndiyo mama." Mume wangu alikuwa mlangoni, mikono na grisi yake, akasema, "Mama, huyo mmoja anataka kulelewa na nani?" Hakuna aliyeongea tena hadi wali ukaiva.

Nikachagua chuma. Saini niliweka mwenyewe.

Operesheni yenyewe sina la kukusimulia, nililala. Walionijua saa zile ni waliokuwa kwenye benchi la nje: saa tisa, mama na daftari lake, mume wangu anakwenda na kurudi. Waliniambia baadaye gundi ilikuwa nyingi upande wa kulia, kuibandua peke yake kulichukua karibu saa mbili. Damu ilitoka kuliko mara ya kwanza, nikaongezewa chupa kadhaa. Siku ya tatu moyo ukaanza kwenda ovyo ovyo, mapigo hayana mpangilio, mimi nikajua ndiyo safari. Kumbe hutokea kwa wengi baada ya upasuaji wa moyo, nikapewa dawa, ukatulia. Kukohoa ndiko nilikokuchukia. Unakumbatia mto kifuani kwa nguvu, unakohoa, machozi yanatoka, nesi anakwambia tena. Wiki kadhaa hakuna kubeba ndoo, hakuna kubeba mtoto, hata mlango mzito unafunguliwa na mtu mwingine. Mfupa unaunga kwa muda wake.

Sasa nadunda, na ninadunda kwa sauti. Valvu ya chuma inalia, tik, tik, kama saa ya mezani ya zamani. Usiku kukiwa kimya mume wangu anaisikia. Mwanzo ilimnyima usingizi, siku hizi anadai ikinyamaza ndiyo atakosa. Binti yangu anaweka sikio na kuhesabu, ndivyo alivyojifunza kufika mia.

Wafarini ni ndoa ya pili na haina likizo. Kila mara napimwa INR, kipimo cha kuonyesha damu imelainika kiasi gani. Yangu inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka damu inaganda kwenye valvu, ikipanda navuja hata kwenye fizi. Mchicha, kisamvu na matembele vinapunguza makali ya dawa. Sikuacha, nitaachaje kisamvu cha nazi? Ninakula kiasi kilekile kila wiki ili dozi ijue inapambana na nani. Diklofenaki za kununua dukani kwa maumivu ya kichwa siguse. Zile dawa mpya za kulainisha damu ambazo watu wanazisifu hazifai kwa valvu za chuma. Waliijaribu mojawapo, majaribio yakasimamishwa, taarifa ikatoka 2013. Na jino siling'oi wala kusafisha kabla sijamwambia daktari wa meno nina valvu ya bandia, anipe kwanza dawa ya kuzuia vijidudu. Vijidudu vya mdomoni vikifika kwenye valvu, tunarudi kwenye ile fomu ya kompyuta, upande wake mbaya.

Wasomaji wenzangu mnaotembea na valvu ya mnyama, hasa nyinyi wasichana mliowekewa mkiwa shule kama mimi: muulizeni daktari iliwekwa mwaka gani na eko ya mwisho ilisemaje. Muulizeni amewahi kurudia ngapi, na CT scan itapigwa lini. Hawachukii kuulizwa. Yangu ilikuwa na miaka 11 ilipoanza kunibana pumzi.

Kliniki iliyopita nilimuuliza kuhusu ya tatu. Akasema valvu ya chuma haichakai, lakini inaweza kuziba kwa damu iliyoganda, inaweza kupata vijidudu, kovu linaweza kuota chini yake, kwa hiyo hati ya kunihakikishia hawezi kuniandikia. "Ikitokea tutapanga tena," akasema. Akaangalia INR yangu, 2.9, akaandika nirudi baada ya wiki nne.